Blanketi linaloning'inia huru linashinda neti ya gofu. Anayepinga alete vipimo

#1 Aironi Saba
Salaam wakuu. Kwa anayetaka kupigia gofu uani au gereji bila kumaliza akiba, nasema neti maalum siyo lazima. Blanketi zito, zulia kuukuu lisilo na mpira mgongoni, au turubai la kitambaa (siyo la plastiki) linasimamisha mpira wa draiva (fimbo ya kupigia mbali kuliko zote) na kuudondosha hapohapo. Sharti ni moja: lifungwe juu tu, chini liachwe huru. Wanaolia kwamba mpira unawarudia usoni wamelikaza pande zote nne kama ngozi ya ngoma.

Fremu ninayoipendekeza ni sanduku lililo wazi mbele: upana m 3, kimo m 2.5, kina m 1.5. Mabomba manne ya m 6 yanatosha. Mpira ukae mita 3 kutoka pazia la nyuma. Karibuni.

#2 Mzee wa Bunka
Chandarua je? Kipo kabatini, kinaning'inia huru kuliko chochote.

#3 Fundi Elibo
Mzee acha utani, hicho kitatobolewa na mpira wa kwanza na fremu nzima itafuata.

Aironi, mabomba manne hayatoshi. Tuhesabu. Nguzo nne za 2.5 ni m 10. Mbili za juu za 3 ni m 6, ubavu wa juu mbili za 1.5 ni m 3. Chini nyuma moja ya 3, ubavu wa chini mbili za 1.5 ni m 3. Jumla m 25, na mabomba manne ni m 24. Isitoshe vipande havipangiki bila mabaki. Ukataji uwe hivi:

Bomba la 1: 3 + 3
La 2: 3 + 1.5 + 1.5
La 3: 2.5 + 2.5, unabaki na m 1
La 4: vilevile
La 5: 1.5 + 1.5, unabaki na m 3

Kwa hiyo matano. Kona za njia tatu ni sita, na elibo za kawaida mbili kwa nguzo za mbele chini, kwa sababu pale mbele hakuna bomba la kulalia sakafuni. Asiweke hata kidogo! Mpira uliopigwa juu ya kichwa ukaenda chinichini utaligonga na kurudi moja kwa moja kwenye ugoko.

#4 Aironi Saba
Matano basi. Lile la m 3 linalobaki lina kazi: lipitishe juu katikati ya kina ulitundikie pazia la pili.

#5 Nyavu na Kamba
Napinga hoja ya msingi. Blanketi likinyeshewa huwa zito, linavuta bomba la juu mpaka linapinda, na upepo ukija ni tanga la jahazi. Kwa uani, neti ni neti. Ila ninunue neti gani? Hapo ndipo watu wanapotapeliwa au wanajitapeli wenyewe.

Kanuni za R&A na USGA (vyombo vinavyotunga sheria za gofu) zinasema mpira usipungue kipenyo cha mm 42.67 na uzito usizidi g 45.93. Watu husoma 42 wakadhani tundu la mm 40 litauzuia. Hapana. Tundu la neti hubadilika umbo. Mzunguko wa mpira ni kama mm 134. Tundu la mraba lenye upande wa mm 33.5 lina mzunguko wa mm 134 pia, kwa hiyo likijivuta likawa duara, mpira unapita. Tundu la mm 40 ni mlango wazi. La mm 30 lina 120, linazuia kwenye karatasi, lakini nailoni inavutika. Chukua mm 25 au chini yake na ulale usingizi.

#6 Kimya Kimya
Hapo kwenye vipimo niongeze. Wanaotumia nyavu za uvuvi wawe macho: wavu wa samaki kwa kawaida hupimwa jicho likiwa limenyooshwa, fundo hadi fundo. Ukiambiwa "milimita 50" upande mmoja wa tundu ni mm 25, unafaa. Ukiambiwa "25" upande ni mm 12 na kitu, unafaa pia ila utabeba upepo zaidi. Pima kwa rula, usisikilize.

Na usichukue ile ya uzi mmoja mwembamba unaong'aa. Mpira unaukata. Tafuta uzi uliosokotwa, unene wa mm 2 hivi.

#7 Mwalimu Nyutoni
Mjadala mzuri ila hakuna aliyesema *kwa nini* kulegea kunasaidia. Mpira wa mita 60 kwa sekunde una nishati ya jouli 83 hivi. Mchezaji wa kulipwa anafika mita 75, ni kama jouli 129. Nishati ile lazima imezwe ndani ya umbali fulani. Neti ikirudi nyuma sm 50, nguvu ya wastani ni nyutoni 165 tu, sawa na kuning'iniza kilo 17. Ikirudi sm 5 kwa sababu umeikaza au ukuta uko karibu, ni nyutoni 1,650. Ndiyo maana kamba zinakatika na mpira unarudi.

Kanuni ya kufanyia kazi: nafasi kati ya neti na ukuta isipungue sm 60, ikiwa mita moja ni bora.

#8 Aironi Saba
Mwalimu, hesabu yako ni ya neti, haielezi blanketi. Blanketi zito halirudi sm 50 na bado mpira unakufa. Chukua mpira wa kilo 0.046 kwa mita 60. Ukigonga kitambaa na kukokota kilo moja ya kitambaa kile pamoja nao, mwendo wa vyote viwili unashuka mpaka mita 2.6 kwa sekunde. Jouli zinazobaki ni kama 3.6. Zile 79 zimeishia kwenye nyuzi kusuguana. Ni uzito unaofanya kazi, siyo umbali.

#9 Mwalimu Nyutoni
Kilo moja umeitoa wapi? Sekunde ya kwanza ya mguso mpira unakutana na kipande cha kitambaa cha kiganja tu. Blanketi lenye g 500 kwa mita ya mraba, kilo moja ni mita mbili za mraba. Haliwezi kushtuka lote kwa mkupuo.

#10 Fundi Elibo
Sekunde nzima? Mpira ulishadondoka na kuviringika hadi jikoni.

Mimi nasema nyinyi wote wawili mnasahau pembe. Kitambaa huru kinamkunja mpira, yaani kinaufunika. Hauna uso bapa wa kurukia. Chukua turubai gumu zito, lina uzito wote unaotaka, lakini halikunjiki, na mpira unarudi vizuri tu. Tofauti iko kwenye kukunjika.

#11 Nyavu na Kamba
Na neti ya uzi mwembamba haina uzito wala haifuniki kitu na bado inasimamisha. Endeleeni na darasa, sisi tujenge.

#12 Bi Mkekani
Asanteni kwa uzi. Swali: kimo cha m 2.5 cha nini ikiwa mpira wa draiva unatoka chini? Dari ya gereji yangu ni m 2.4.

#13 Kimya Kimya
Dada Bi Mkekani, kwa mita 3 mpira uliopigwa vizuri hugonga pazia hapa:

draiva, nyuzi 12 hivi za kupaa: sm 64 kutoka chini
aironi 7 (fimbo ya masafa ya kati), nyuzi 16: sm 86
weji ya kawaida (fimbo ya kupaisha mpira), nyuzi 24: m 1.34

Utaona kazi yote iko kati ya nusu mita na mita moja na nusu. Pazia la pili alilolisema Aironi (#4) lifunike eneo hilo tu, upana m 1.5, kimo m 1.5, likining'inia kwa kamba zinazoshuka kutoka lile bomba la kati au sm 20 mbele ya neti. Neti ya nyuma inabaki kuwa golikipa.

Kimo kilichobaki ni kwa ajili ya mipira isiyo mizuri: draiva iliyopigwa kwa ukingo wa juu, weji iliyofunguliwa uso. Ya nyuzi 45 inafika m 3 pale nyuma, yaani inapita juu ya fremu. Kwa hiyo lazima kuwe na neti ya *paa*. Mpira ukiwa m 1.5 kutoka mdomo wa fremu, ule wa nyuzi 45 unaingia mdomoni ukiwa na m 1.5, unagonga paa, unaanguka. Bila paa umemzawadia jirani.

Kwa dari ya m 2.4 shida siyo mpira, ni fimbo. Chukua fimbo ndefu kuliko zote, pandisha polepole mpaka juu ya mpigo, angalia pengo. Kama hujaona kiganja kizima cha nafasi, draiva ibaki nje na ndani upige aironi fupi.

#14 Mzee wa Bunka
Na taa ya dari itolewe kwanza. Wengi hukumbuka taa baada ya taa.

#15 Fundi Elibo
Narudi kwenye mabomba maana hapa ndipo watu wanaumia. Plastiki ya maji ya inchi moja kwa upana wa m 3 inapinda katikati, hata bila blanketi. Ukitaka plastiki nenda inchi moja na nusu, na weka nguzo ya katikati *nyuma* ya neti, mbali nayo nusu mita. Jua linaikausha ikawa kama kioo. Ikipigwa na mpira baridi asubuhi inapasuka vipande vyenye ncha. Bomba la chuma lililopakwa zinki, inchi moja, halina shida hizo ila linarudisha mpira vibaya zaidi.

Kwa vyovyote, bomba lolote linaloonekana ukisimama kwenye mpira lazima livikwe sponji ile ya kuhami mabomba ya maji moto. Lililo bora kuliko sponji ni kutoliona kabisa: neti iwe mbele ya bomba na ndani ya fremu, siyo kuvutwa juu ya fremu kutoka nje. Wengi hufunga neti nje kwa sababu inapendeza. Basi mpira unakutana na bomba kwanza, neti baadaye.

Viungo usivigundishe. Skrubu moja fupi kila upande, ili ukihama unafungua.

#16 Aironi Saba
Lile bomba la chini nyuma nalo naona tulitoe kabisa. Mpira wa chini unalifuata.

#17 Fundi Elibo
Ukilitoa fremu inapiga msamba. Liache, lakini neti ishuke mbele yake na izidi sm 40 ikilala sakafuni kuelekea kwa mpigaji. Mpira ukibingirika unapanda juu ya hiyo lapo (kipande kilichozidi) na kukwama. Usiweke tofali juu yake! Tofali ni bomba jingine. Weka soksi ndefu iliyojazwa mchanga, nyuma, isiyoonekana.

Miguu minne ishikwe na mifuko ya mchanga kilo 15 au zaidi kila kona kwa uani.

#18 Bi Mkekani
Neti ninunue ukubwa gani kwa fremu hiyo?

#19 Nyavu na Kamba
Nyuma na paa zikate kipande kimoja kisicho na mshono pale juu: m 2.5 za nyuma, 1.5 za paa, 0.4 za lapo, na ongeza kama 0.4 za ulegevu. Karibu m 4.8 urefu. Upana 3.5, siyo 3. Mbavu mbili, kila moja 1.8 kwa 3. Mshono wa ubavu na nyuma upishane sm 15, ufumwe kwa kamba ileile ya neti, fundo kila tundu la tatu.

Juu pitisha kamba ya poliesta ya mm 6 kwenye kila tundu la ukingo, kisha ifunge kamba hiyo kwenye bomba kila sm 15. Usifunge tundu lenyewe kwenye bomba; tundu moja likibeba mzigo peke yake linakatika na la jirani linafuata. Zipu tai nyeupe kwa jua ni za msimu mmoja. Nyeusi zinadumu zaidi. Pembeni tumia kamba za mpira zenye kifundo, zinampa mpira nafasi.

#20 Seremala Mtaratibu
Mbao za mbili kwa nne hazijatajwa. Kwa ukuta wa gereji huhitaji sanduku lote. Mbao moja ya m 3 kwenye boriti za dari, kulabu kila sm 20, mita moja mbele ya ukuta. Tundika, ukimaliza vuta pembeni kama pazia la dirisha. Mbavu zining'inie kwenye waya mbili zinazokuja mbele. Hakuna nguzo, hakuna cha kurudisha mpira.

#21 Mzee wa Bunka
Seremala kaja kimya kafuta kurasa mbili za mabomba.

#22 Fundi Elibo
Kwa mwenye boriti. Mwenye uani aning'inize mawinguni?

#23 Chenga Kulia
Wadau mmeruka shanki. Mpira ukigongwa na shingo ya fimbo, kwa wa mkono wa kulia unachomoka kulia nyuzi 30 hadi 45. Fanyeni hesabu: mpira uko katikati, m 1.5 kutoka mdomo, nguzo iko m 1.5 pembeni. Nyuzi 40 inaingia kwa m 1.26, salama, neti ya ubavu inaudaka. Nyuzi 45 inakutana na nguzo ya mbele uso kwa uso.

Dawa: sogeza mpira sm 30 kushoto kwa katikati. Kulia unapata m 1.8.

#24 Mwalimu Nyutoni
Au sogea mbele, mpira uwe m 1.2 kutoka mdomo. Nyuzi 45 inaingia kwa m 1.2.

#25 Chenga Kulia
Ukisogea mbele na draiva, mpigo ukimaliziwa fimbo inatafuta bomba la juu. Mwenye mikono mirefu analigonga.

#26 Mwalimu Nyutoni
Basi rudi nyuma m 2.

#27 Chenga Kulia
Ukirudi m 2 hata nyuzi 37 inagonga nguzo. Tumezunguka. Mimi naona nguzo za mbele zipewe kipande cha zulia mara mbili juu ya sponji, na neti za ubavu zizidi mbele ya nguzo kwa nusu mita, zikiwa zimetundikwa ndani.

#28 Kimya Kimya
Au mtu ajifunze kutoshanki. Natania.

#29 Bi Mkekani
Neti ya rafiki imetoboka pale katikati na ina mwaka tu, haipo hata juani. Sababu?

#30 Nyavu na Kamba
Kupigwa pale pale. Neti huchoka mahali pamoja. Izungushe: kila baada ya muda geuza juu chini au ihamishe sm 30 pembeni. Ndiyo faida ya upana 3.5.

#31 Aironi Saba
Mimi nasema ni mzunguko wa mpira. Wa draiva unazunguka mara 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, wa weji unaweza kupita 9,000. Unasaga nyuzi. Angalia tundu, kama liko kimo cha weji, m 1.3 hivi, jibu ndilo hilo.

#32 Kimya Kimya
Na mipira ikoje? Mpira uliokwaruzwa na weji au wenye mchanga ni msasa. Uoshwe kwanza, na ule wenye ngozi iliyochanika utupwe.

#33 Seremala Mtaratibu
Kama ni nailoni na gereji ina unyevu, nailoni hunyonya maji na nguvu hupungua ikiwa imelowa. Poliesta hainyonyi hivyo.

#34 Bi Mkekani
Tundu liko m 1.3, mipira michafu, gereji ina unyevu 😀

#35 Mzee wa Bunka
Kila mtu kashinda.

#36 Nyavu na Kamba
Pazia la pili lingeiokoa kwa vyovyote. Kipande cha zulia au blanketi lililokunjwa mara mbili, kikichakaa unabadili kipande, neti inabaki.

#37 Aironi Saba
Kwa hiyo blanketi limeshinda. Ndiyo hoja ya #1.

#38 Nyavu na Kamba
Blanketi *mbele ya neti*. Soma vizuri.

#39 Seremala Mtaratibu
Mkeka wa kupigia nao usisahauliwe. Majani bandia juu ya zege tupu yanarudisha mshtuko kwenye kiwiko. Chini yake weka mpira mzito wa sm 1.5 hadi 2, na pale unaposimama inua kwa kimo kilekile. Ukisimama sakafuni mpira ukiwa juu sm 3, unajifunza mpigo ambao uwanjani utakula hewa.

#40 Chenga Kulia
Swali la kufungia jioni. Nyumba moja, mmoja anapiga kulia, mwingine kushoto. Ile sm 30 ya #23 inafanyaje?

#41 Fundi Elibo
Alama mbili sakafuni, moja kila upande wa katikati. Au fremu ya m 3.6, lakini hapo ukiliunga bomba la juu kwa soketi badala ya kulikata zima kutoka bomba la m 6, soketi katikati ya m 3.6 ndipo litakapopinda. Iweke robo, siyo nusu.

#42 Mzee wa Bunka
Au wapige kwa zamu na chandarua.